Rangi ya kudumu kwa gari la porini: kisa cha Land Cruiser ya mizigo njia ya Natron

Usuli

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 79, mali ya kampuni ndogo ya utalii kaskazini mwa Tanzania. Halibebi wageni. Kazi yake ni kutangulia kambini na mahema, mitungi ya gesi, mapipa ya maji na wapishi, kisha kurudi na takataka. Jina la kampuni, namba ya gari, gereji zilizohusika na watu wote nimeviondoa. Mambo ya kiufundi nimeyaacha kama yalivyokuwa, kwa sababu ndiyo yenye faida kwa msomaji.

Njia yake kubwa hutoka Mto wa Mbu, hupita Engaruka hadi Engare Sero pembeni ya Ziwa Natron, kisha hupanda kuelekea Wasso na kuingia Serengeti kwa upande wa kaskazini. Njia hiyo ina maadui watatu wa rangi, na kila mmoja hushambulia mahali pake. Wa kwanza ni mawe ya volkeno, yenye makali, ambayo matairi huyarusha nyuma ya madigadi na chini ya milango. Wa pili ni kikwata, mti wa miiba mifupi iliyopinda na kukaa jozi jozi, ambao hukwaruza ubavu wa gari kuanzia usawa wa kitasa kwenda juu. Wa tatu, anayesahaulika, ni magadi. Ol Doinyo Lengai ni volkano pekee hai inayojulikana kutoa lava yenye kabonati ya sodiamu kwa wingi, na vumbi la bonde zima lina chumvi hizo. Chumvi hunyonya unyevu wa usiku, hivyo tope likinasa kwenye pembe ya bati hubaki na majimaji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Bati lililo wazi mahali hapo huliwa pole pole bila mtu kuona.

Mmiliki alikuja na swali moja: rangi gani ni ngumu zaidi, niipige gari zima? Nilimwomba tulikague gari kwanza.

Tulichokikuta kwenye ukaguzi

Miaka michache nyuma gari lilikuwa limepigwa rangi nyeusi ya vipele, ile inayopigwa ndani ya bodi za pikapu ili mizigo isichubue bati. Gereji iliyofanya kazi hiyo iliipiga nusu ya chini ya gari: milango kuanzia katikati, madigadi, mabampa na maboksi ya bati yaliyo chini ya milango. Wakati tunaikagua, nyeusi ilikuwa imeshakuwa ya kijivu, na ukipitisha kiganja unatoka na unga. Huko kupauka kuna maelezo. Rangi za vipele za bei ya chini hutengenezwa kwa kemikali za aina ya aromatiki, ambazo hazivumilii jua. Za aina ya alifatiki hushika rangi yake juani, ila bei yake ni kubwa.

Kupauka lilikuwa jambo dogo. Fundi wa bodi aliingiza ncha ya kisu cha puti kwenye ukingo wa mlango wa kushoto, akakisukuma kidogo, na rangi ikainuka. Akaivuta kwa vidole, ikabanduka kipande kirefu kama ganda la ndizi. Chini yake palikuwa na rangi nyeupe ya kiwandani, inang'aa, haina hata mkwaruzo mmoja wa msasa. Hapo hukumu ilishatoka. Rangi ya vipele haina uwezo wa kujishikiza kwenye rangi laini inayong'aa. Inahitaji mikwaruzo ya msasa wa namba 180 hadi 240 ili ipate pa kung'ang'ania. Fundi wa mwanzo aliosha gari, akaziba vioo kwa magazeti, akapiga.

Kwenye maboksi ya chini ya milango tulikuta baya zaidi. Maboksi hayo ni matupu ndani, na kiwanda huacha matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke. Rangi nzito ilikuwa imeyaziba yote. Fundi alipotoboa moja kwa bisibisi, yalitoka maji ya kahawia yenye mchanga mweupe. Bati lilikuwa linaoza kutoka ndani kuja nje, na nje palionekana pazima kwa sababu ngozi ya rangi ilikuwa imebaki imara ingawa bati lililoibeba lilishakwisha. Upande wa kulia kidole kilizama.

Sehemu za juu, yaani paa, boneti na nusu ya juu ya milango, bado zilikuwa na rangi ya kiwandani. Zilikuwa na mikwaruzo mingi ya kikwata, jua lilikuwa limezifubaza, lakini kutu haikuwepo isipokuwa kwenye ukingo wa mfereji wa maji wa paa. Kumbuka bodi ya gari kiwandani huzamishwa nzima kwenye pipa la praima (rangi ya kwanza inayoshika bati) inayovutwa na umeme, ikaingia hadi kwenye pembe ambazo bunduki ya rangi haifiki. Kwa jumla rangi ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Sehemu iliyolindwa na utando huo mwembamba ilikuwa nzima, na iliyovikwa koti zito ilikuwa imeoza.

Njia zilizozungumzwa

Duko, ile rangi ya gari inayochanganywa na thina tu, ilitajwa kwa sababu ni rahisi, hukauka haraka na kila fundi anaijua. Tuliiacha mapema. Duko hukauka kwa thina kuruka tu, haina hadina (kemikali ya kuigandisha rangi iwe ngumu), kwa hiyo petroli ikimwagika inailainisha, na gari hili hujazwa mafuta kwa madumu porini.

Rangi ya mafuta, ile ya mageti, ilipendekezwa na mtu wa kampuni kwa ajili ya keria na fremu ya bodi la nyuma. Nililipinga hilo kwa nguvu, na sababu ni magadi. Rangi nyingi za mafuta huvunjwa na alkali kwa njia ileile mafuta yanavyogeuka sabuni. Kwenye geti la Arusha mjini hakuna shida. Ukiipeleka Engare Sero unaitafutia mwisho.

Stika ya gari zima ilikuwa na mvuto wake, kwani ukichoka unaibandua. Lakini sehemu zinazotazama juu, boneti na paa, huchomwa na jua kwanza na kingo zake huinuka. Pia stika haifanyi lolote kwa bati lililo chini yake. Kwa gari la wageni linalotembea lami zaidi ningeifikiria.

Rangi ya poda, inayookwa tanurini kwa joto la karibu nyuzi 200, ilizungumzwa kwa ajili ya bampa na keria. Ni ngumu kweli na hupendeza. Tatizo ni kwamba jiwe likiivunja, kutu hutambaa chini yake, na marekebisho yake ya kambini ni kupaka rangi nyingine juu, ambayo haiungani nayo vizuri.

Baada ya hapo zilibaki mbili: 2K, yaani rangi ya poliyurethani yenye hadina, na rangi ya vipele iliyopigwa kwa utaratibu. Mmiliki bado alitaka vipele gari zima. Hoja yake ilikuwa ya haki: kikwata haikwaruzi vipele kwa namna inayoonekana. Nilimpa hoja mbili za kupinga. Vipele kwenye boneti na paa hunasa tope na kuwa kazi ngumu kusafisha, na gari hili hufika mbele ya wageni hata kama haliwabebi. La pili, siku utakapotaka kubadili, kuitoa rangi ya vipele iliyoshika vizuri ni kazi ya kikatili ya kukwangua na kusaga, na mara nyingi unaumiza bati.

Uzito ulitajwa pia, ukaondolewa haraka kwa hesabu. Milimita moja ya rangi juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya rangi iliyokauka, na lita hiyo ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Nusu milimita kwenye mita za mraba 8 ni kama kilo 4 na nusu, sawa na chupa tatu kubwa za maji. Uzito ungekuwa hoja kama tungechagua poliyurea ya moto inayopigwa kwa mashine ya presha, milimita 3 gari zima: hapo unazungumzia kilo 60 na zaidi.

Suala la buluu

Kampuni ina nembo ya buluu iliyokoza, na mmiliki alitaka gari lote liwe hivyo. Aliyelikataa wazo hilo ni dereva, na alikuwa na haki ya kusikilizwa. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Ndiyo maana vitambaa vya kuwatega unavyoviona vimening'inizwa Tarangire na sehemu za Serengeti vina rangi hizo mbili. Wapishi na wapiga mahema hupakua mizigo milango ikiwa wazi. Gari la buluu lingewaletea mbung'o hadi mlangoni.

Ikachaguliwa rangi ya mchanga, isiyo na chembe za metali. Nembo ya buluu ikabaki kama stika ndogo mlangoni. Rangi ya mchanga ina faida nyingine mbili: vumbi halionekani sana juu yake, na haipashi joto kama rangi iliyokoza. Kwa kuwa gari lilisajiliwa likiwa jeupe, mmiliki aliambiwa akabadilishe taarifa ya rangi TRA, maana imeandikwa kwenye kadi na trafiki anaisoma.

Maamuzi

Tuliligawa gari kwa kufuata kinachogonga kila sehemu.

Kuanzia kitasa kwenda juu, pamoja na boneti na paa: 2K ya mchanga, koti la rangi moja kwa moja bila klia (koti la juu lisilo na rangi) juu yake. Huu ndio uamuzi ninaoutetea zaidi. Rangi yenye metali na klia hupendeza, lakini ukiigusia sehemu ndogo doa linaonekana toka mbali, kwa sababu chembe za metali hulala tofauti. Rangi ya koti moja unaisugua, unaigusia, unaipolishi, na kazi inakwisha. Kikwata atakwaruza tu. Swali ni nani atarekebisha, wapi, na kwa vifaa gani.

Kuanzia mstari wa kitasa kwenda chini, nyuma ya matairi na ndani ya bodi la nyuma: rangi ya vipele ya alifatiki, iliyochanganywa na rangi ileile ya mchanga. Kuichanganya rangi kuna faida kubwa. Jiwe likichimba kidogo, palipochimbwa pana rangi ileile hadi chini.

Bampa na keria: kukwanguliwa kwa mchanga unaorushwa kwa presha hadi bati tupu, praima ya epoksi, kisha 2K nyeusi isiyong'aa. Dereva aliruhusu nyeusi hapo kwa kuwa eneo ni dogo.

Ndani ya maboksi: nta ya kuzuia kutu, inayopulizwa kwa mpira mrefu kupitia matundu ya maji, baada ya rangi kukauka. Mtu alipendekeza oili chafu ya injini, kama ilivyo desturi. Oili hiyo hulainisha raba za chini ya gari, hunasa vumbi la magadi, na hudondoka kwenye ardhi ya hifadhi. Tukaikataa.

Kazi ilivyokwenda

Ratiba ilikuwa na mgongano ambao kila kampuni ya kaskazini inaujua. Magari hupatikana Aprili na Mei kwa sababu wageni ni wachache, na wageni ni wachache kwa sababu masika inanyesha. Yaani gari huwa huru wakati hewa ina unyevu mbaya kuliko wote kwa kupiga rangi. Hadina ya poliyurethani ina kemikali iitwayo isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayofanya vijipovu.

Tukapanga hivi: wiki za mvua nyingi zitumike kukwangua rangi ya zamani, kukata bati lililooza, kuchomelea jipya na kunyoosha. Kupiga rangi kufanywe saa za mchana tu, siku ambazo bati lina joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji. Mtungi wa kompresa umwagwe maji kila asubuhi na kila baada ya mapumziko.

Kabla ya kugusa gari, fundi alichukua mlango mbovu uliokuwa umetupwa nyuma ya gereji. Nusu yake aliisugua kwa msasa wa 180, nusu akaiosha tu kwa thina. Akapiga praima na vipele pande zote mbili, akauacha wiki nzima. Kisha akachana alama ya X kwa wembe hadi kwenye bati, akabandika tepu ngumu, akaivuta kwa nguvu. Upande wa msasa hakikutoka kitu. Upande wa thina tupu tepu iliondoka na pembe nne za X. Mmiliki alikuwepo. Kuanzia siku hiyo hakulalamika tena kwamba kazi ya msasa inachelewa.

Rangi za vipele za aina ya Raptor huja kwenye chupa ya lita moja iliyojazwa mililita 750, nafasi iliyobaki ikiwa ya mililita 250 za hadina. Unaongeza, unatikisa, unafunga chupa kwenye bunduki yake. Ni mfumo mzuri kwa gereji zetu kwa sababu mtu hakadirii vipimo kwa jicho. Ukubwa wa vipele unategemea presha na umbali: presha ndogo na bunduki mbali hutoa vipele vikubwa.

Jambo moja tulilazimika kulisimamia. Mpigaji alijiandaa kuingia na kitambaa puani. Isosayaneti husababisha pumu ya kudumu, na aliyekwisha kupata pumu hiyo huweza kushtuliwa na kiasi kidogo sana. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke, na huwezi kutegemea harufu ikuonye. Kifaa sahihi ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Gereji haikuwa nayo. Mmiliki aliikodi, na gharama yake ikaandikwa kwenye bajeti ya gari kama gharama ya rangi. Naona hivyo ndivyo inavyostahili kuandikwa.

Dosari ilitokea siku ya mwisho. Kilango cha nyuma kilibaki, jua lilikuwa linashuka, wingu limetanda, na timu ilitaka kumaliza. Wakapiga. Asubuhi kilikuwa na vijipovu vidogo kama vichwa vya pini upande wote wa chini. Kikasuguliwa, kikapigwa upya mchana wa siku nyingine.

Matokeo

Gari limepita kiangazi kimoja na masika moja. Vipele vya chini vimeshika. Palipochimbwa zaidi ni ukingo wa upinde wa madigadi ya nyuma, mahali bati linapopinda na rangi huwa nyembamba. Dereva aliona bati, akasugua kwa msasa, akapaka praima kidogo na rangi kwa brashi, kutoka kwenye boksi dogo linalokaa nyuma ya kiti. Ukitazama kwa karibu unapaona. Kutu haipo.

Ubavu wa juu una mikwaruzo ya kikwata kama ilivyotarajiwa. Mingi ilitoka kwa polishi. Michache iliyozama iliguswa kwa brashi.

Maboksi ya chini ni makavu. Matundu yanakaguliwa kila gari linapooshwa, kwa waya.

Kilichosumbua ni usafi. Nyuma ya matairi, vipele vilipigwa vikubwa kwa nia ya kuongeza ulinzi, na magadi yananasa kati yake. Maji ya mpira hayayatoi. Inabidi brashi ngumu, na muosha magari aliyechoka huruka sehemu hiyo. Mmiliki sasa ana utaratibu kwamba gari likitoka Natron halilazwi kabla sehemu hiyo haijasuguliwa.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi kilikuwa ukaguzi, uliofanyika kabla mtu hajataja bidhaa. Kama tungejibu swali la mmiliki kama lilivyoulizwa, tungempa rangi ngumu kuliko ile ya mwanzo, na ingeweza kubanduka vilevile au kuficha uozo kwa ubora zaidi. Ugumu wa rangi ya vipele una hatari hiyo. Rangi nyembamba ikishindwa, kutu inajitokeza na unaiona. Koti zito likishindwa linaweza kuificha miaka.

Mlango wa majaribio ulikuwa na thamani isiyolingana na gharama yake. Uliondoa mabishano. Fundi hakuhitaji kumshawishi mmiliki kwa maneno, na mmiliki hakuhitaji kumshuku fundi.

Uamuzi wa koti moja bila klia umethibitika kwenye matumizi. Watu wa magari ya mjini watasema linafubaa haraka kuliko lenye klia. Ni kweli linahitaji polishi mara kwa mara, na kwa gari la kuegeshwa mbele ya ofisi ningeshauri vingine.

Dosari ya kilango cha nyuma ilitokana na ratiba, na unyevu ulimalizia tu. Siku ya kupiga rangi haikuwa na saa ya kukoma iliyoandikwa, hivyo hamu ya kumaliza ikaamua. Vipele vikubwa nyuma ya matairi vilikuwa na kosa la mantiki pia: ulinzi dhidi ya mawe hutokana na unene na kushika kwa rangi, na unene uleule ungepatikana kwa vipele vidogo vinavyoosheka.

Kampuni ina pikapu ya pili, mpya zaidi, nyeupe, ambayo bodi yake bado ni ya kiwandani kila mahali. Mmiliki aliuliza kama nayo iingie gereji Aprili ifanane na hii. Ushauri wangu ni isiguswe. Praima iliyozamishwa kiwandani haina gereji ya mtaani inayoweza kuirudishia. Ipulizwe nta ndani ya maboksi, matundu yake yabaki wazi, nyuma ya matairi pasuguliwe na kupigwa vipele vidogo, na boksi la msasa, praima na rangi ya kugusia liwekwe nyuma ya kiti kabla haijaenda Natron mara ya kwanza.